Vifaa vya Kompyuta Visivyotumia Waya: Namna ya Kuvichagua, Kuviunganisha na Kuvilinda

Mtu akiingia katika steshenari ya mjini au ya makao makuu ya wilaya hukuta kompyuta moja au mbili, printa, skana, na mara nyingi kibodi na kipanya visivyo na waya. Mteja hukabidhi cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chake cha Taifa au barua yake ya maombi ya kazi, naye mhudumu huchapa, huhifadhi na kutoa nakala. Katika muda huo mfupi taarifa za mteja zimepita hewani mara mbili: kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye printa. Mawimbi yaliyozibeba hayaonekani, wala hayakomei kwenye ukuta wa duka.

Ndivyo ilivyo pia katika ofisi ya shule inayochapa mitihani, katika zahanati inayotunza majalada ya wagonjwa, na nyumbani kwa mtu anayelipa ankara zake kwa kompyuta. Tumeandaa makala hii ili kumsaidia mnunuzi na mtumiaji wa kawaida kuchagua kifaa kinachofaa kazi yake, kukiunganisha pasipo usumbufu, na kulinda taarifa zake pamoja na za watu wanaomwamini.

Njia tatu za kuunganisha

Vifaa vya pembeni vya kompyuta ni kibodi, kipanya, printa, skana, spika, vipokea sauti vya masikioni na vinginevyo vya namna hiyo. Vile visivyo na waya huwasiliana na kompyuta kwa mawimbi ya redio. Karibu vyote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaani yaliyo kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5. Nchi nyingi zimeyaacha masafa hayo yatumiwe kwa nguvu ndogo pasipo kila mtumiaji kuomba leseni. Faida yake ni kwamba vifaa ni vya bei nafuu na hufanya kazi popote. Hasara yake ni msongamano: masafa hayo ni kama barabara moja inayopitwa na daladala, bodaboda na mikokoteni kwa wakati mmoja.

Njia ya kwanza ni redio yenye kipokezi chake. Kipanya au kibodi huuzwa pamoja na kipande kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Kifaa na kipokezi hicho kwa kawaida vimekwisha kuoanishwa kiwandani. Hivyo mnunuzi huchomeka, huwasha na kuanza kazi. Njia hii haihitaji kompyuta iwe na uwezo wowote zaidi ya tundu la USB, na kibodi ya aina hii hufanya kazi tangu kompyuta inapowashwa, kabla mfumo endeshi haujapanda. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kipokezi kikipotea, kifaa chenyewe mara nyingi hakifai tena, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji ameruhusu kukioanisha na kipokezi kingine.

Njia ya pili ni Bluetooth. Teknolojia hii ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Lund, nchini Sweden. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, zilianzisha umoja wa kuisimamia, nao wakaipa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kwa kuwa kanuni zake ni za pamoja, kipanya cha kampuni moja huweza kuungana na kompyuta ya kampuni nyingine, na simu ikaungana na spika ya kampuni ya tatu. Haihitaji kipokezi cha pekee iwapo kompyuta ina Bluetooth ndani yake. Ili kukwepa msongamano, vifaa vya Bluetooth hurukaruka kutoka mkondo mmoja wa masafa hadi mwingine. Katika aina yake ya awali huruka mara 1,600 kwa sekunde. Kwa vifaa vingi vya kawaida umbali wa kutumainiwa ni kama mita 10 mahali pa wazi, nao hupungua panapokuwa na ukuta au hata mwili wa mtu katikati.

Njia ya tatu ni Wi-Fi. Hii hutumika zaidi kwa printa na skana, kwa sababu vifaa hivyo huhudumia kompyuta na simu nyingi kwa pamoja. Printa hujiunga na mtandao wa ndani unaotolewa na ruta, na kila kompyuta iliyomo katika mtandao huo huweza kuiagiza. Tungependa kuondoa hofu moja tunayoisikia mara kwa mara: kuchapa kwa njia hii hakuli bando la intaneti, kwa kuwa waraka hutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta na kutoka hapo hadi kwenye printa bila kutoka nje ya nyumba. Bando hutumika tu iwapo umechagua huduma ya kuchapa kupitia intaneti, au printa inapopakua programu zake mpya.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Swali la kwanza ni hili: kompyuta yangu ina nini? Kompyuta nyingi za mezani, hasa zile zilizokwisha kutumika ng'ambo na kuingizwa nchini, hazina Bluetooth. Fungua sehemu ya Mipangilio na utafute jina la Bluetooth. Lisipokuwepo, chagua kifaa chenye kipokezi chake, au ununue kiunganishi cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB. Tena, zingatia toleo. Vipanya na kibodi nyingi za sasa hutumia Bluetooth ya nishati ndogo iliyoingizwa katika toleo la 4.0 mwaka 2010. Kompyuta yenye toleo la zamani kuliko hilo haitaviona kabisa, hata kama neno Bluetooth limeandikwa juu ya vyote viwili.

Swali la pili: kifaa kitahudumia kompyuta ngapi? Kipanya cha mtu mmoja kinatosha kuwa na kipokezi chake. Mtu anayetumia kompyuta na kishikwambi kwa zamu atafaidika zaidi na kibodi ya Bluetooth yenye vitufe vya kuhama kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Printa ya ofisi yenye watumishi watano inafaa iwe ya Wi-Fi, au ya waya wa mtandao.

Swali la tatu: ni kazi gani itakayofanywa? Kwa vipokea sauti vya Bluetooth, mnunuzi ajue mambo mawili. Kwanza, sauti huchelewa kidogo kufika sikioni. Msikilizaji wa muziki hatagundua, lakini anayehariri video au kupiga kinanda kwa kompyuta atakerwa. Pili, katika kompyuta nyingi, kipaza sauti cha vipokea sauti hivyo kinapoanza kutumika, kwa mfano katika mkutano wa mtandaoni, ubora wa sauti unayoisikia hushuka ghafla. Huo si ubovu wa kifaa. Ndivyo njia ya simu ya Bluetooth ilivyopangwa. Anayefundisha au kuendesha mikutano kila siku atahudumiwa vizuri zaidi na vipokea sauti vya waya.

Swali la nne: nishati itatoka wapi? Kifaa kisicho na waya huhitaji betri. Kinachotumia betri za kawaida za kubadilisha hurejea kazini mara moja baada ya kupewa betri mpya. Chenye betri ya ndani ya kuchaji hupunguza gharama za betri, lakini betri hiyo ikichoka kifaa chote huenda kikaachwa. Hakikisha kuna swichi ya kuzima chini ya kifaa. Usichanganye betri mpya na kuukuu, na uzitoe kifaa kinapowekwa kando kwa muda mrefu, kwani betri zinazovuja huharibu vyuma vya ndani.

Swali la tano, ambalo husahaulika, ni kama kweli unahitaji kifaa kisicho na waya. Printa iliyokaa juu ya meza moja na kompyuta haipati faida yoyote kwa kurusha taarifa hewani. Waya wa USB wa mita moja na nusu hauhitaji nenosiri, haupotezi mtandao umeme unapokatika, na hausikilizwi na jirani.

Unapokuwa dukani

Mweleze muuzaji waziwazi kompyuta uliyo nayo na kazi unayokusudia kufanya, kisha umwombe akuonyeshe kifaa kikifanya kazi. Maelezo hayo yana uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha muuzaji dhumuni lake na kutegemea ujuzi wake, kwa kawaida bidhaa anayouziwa inapaswa kufaa dhumuni hilo. Ulinzi huo hupungua iwapo mnunuzi mwenyewe amechagua kwa jina la kibiashara bila kumtegemea muuzaji. Kwa hiyo anayeomba "kipanya cha kampuni fulani" yumo katika hali tofauti na anayesema, "Nina kompyuta hii isiyo na Bluetooth; nipatie kipanya kitakachofanya kazi."

Fungua boksi kabla ya kulipa. Tazama kama kipokezi kimo. Mara nyingi huwekwa ndani ya kifuniko cha betri. Kwa kifaa kilichokwisha kutumika, hakikisha kipokezi unachopewa ndicho chake kwa kukijaribu hapo hapo. Soma boksi utafute toleo la Bluetooth, mifumo endeshi inayokubalika na, kwa kibodi, maelezo kwamba mawasiliano yake yamesimbwa. Boksi lisilotaja mtengenezaji, lenye makosa ya tahajia katika jina la kampuni, au lisilo na anwani yoyote, ni sababu ya kutosha ya kusita. Kumbuka pia kwamba vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki vinavyoingizwa nchini vinapaswa kuthibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Dai risiti ya mashine ya EFD, na uitunze pamoja na boksi na karatasi ya udhamini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika nyuma ya risiti namba ya utambulisho wa kifaa, kwa maana wino wa risiti hufifia. Kupiga picha ya risiti kwa simu ni kinga rahisi.

Hatua za kuunganisha

Kwa kifaa chenye kipokezi: weka betri kwa mwelekeo unaoonyeshwa, chomeka kipokezi kwenye kompyuta, kisha washa swichi iliyo chini ya kifaa. Subiri kwa muda mfupi kompyuta ikitambue. Kisipofanya kazi, hamishia kipokezi kwenye tundu jingine kabla ya kukilaumu.

Kwa kifaa cha Bluetooth: washa kifaa, kisha ubonyeze na kushikilia kitufe cha kuoanisha mpaka taa ianze kumetameta kwa haraka. Kwenye kompyuta fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Bluetooth, washa, na uchague kuongeza kifaa kipya. Jina la kifaa chako litakapotokea, lichague. Ukiunganisha kibodi, kompyuta huweza kuonyesha tarakimu sita; ziandike kwa kutumia kibodi hiyo hiyo, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Tarakimu hizo ndizo zinazothibitisha kwamba kompyuta yako inazungumza na kibodi yako na si nyingine. Usikubali ombi la kuoanishwa ambalo hukulianzisha wewe.

Jambo moja la tahadhari kwa wenye kompyuta za mezani: usitupe kibodi yako ya waya baada ya kununua ya Bluetooth. Mara nyingi kibodi ya Bluetooth haifanyi kazi kabla mfumo endeshi haujapanda. Hivyo siku kompyuta itakapohitaji matengenezo au kusimikwa upya, utaihitaji ile ya waya.

Kwa printa ya Wi-Fi: iweke kwanza karibu na ruta. Kupitia kioo cha printa, chagua jina la mtandao wako na uandike nenosiri. Printa isiyo na kioo huunganishwa kwa programu ya mtengenezaji, au kwa kitufe cha WPS: bonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha cha printa ndani ya dakika mbili. Printa nyingi za bei nafuu hutambua masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ikiwa ruta yako hutoa mitandao miwili, mmoja wa gigahezi 2.4 na mwingine wa gigahezi 5, printa ya aina hiyo itauona ule wa kwanza tu. Tena, usiiunganishe na mtandao wa wageni, kwa kuwa ruta nyingi huzuia vifaa vilivyomo katika mtandao huo visionane, na kompyuta zako hazitaipata printa.

Wengi wa wananchi wetu hawana ruta; hutumia simu kusambaza intaneti. Printa iliyounganishwa na simu ya mtumishi mmoja hutoweka pindi mtumishi huyo anapokwenda kula. Katika mazingira hayo tunashauri waya wa USB, au njia ya Wi-Fi Direct, ambapo printa yenyewe hutoa mtandao wake mdogo na kompyuta hujiunga nayo moja kwa moja.

Kulinda kinachopita hewani

Mwezi Februari 2016 wataalamu wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza udhaifu waliouita MouseJack. Walionyesha kwamba mtu aliye umbali wa hadi mita 100, akiwa na kifaa cha redio cha bei ndogo, aliweza kutuma herufi za uongo kwa vipokezi vya vipanya na kibodi za watengenezaji kadhaa, na kompyuta ikazipokea kana kwamba zimeandikwa na mwenyewe. Mwezi Julai mwaka huo huo walitangaza udhaifu wa pili, KeySniffer: baadhi ya kibodi za bei nafuu zilikuwa zikirusha kila herufi bila kusimbwa, hivyo mtu wa nje aliweza kusoma kilichokuwa kikiandikwa, manenosiri yakiwemo. Bluetooth haikuhusika na udhaifu huo. Uliokutwa na kasoro ni mfumo wa redio uliobuniwa na kila mtengenezaji kwa namna yake. Vingi kati ya vipokezi hivyo havikuwa na njia ya kurekebishwa baada ya kutoka kiwandani.

Funzo kwa mnunuzi ni la wazi. Kibodi hubeba siri zaidi ya kipanya. Kwa kazi inayohusu fedha, manenosiri, mitihani au taarifa za wagonjwa, tumia kibodi ya waya, au ya Bluetooth, au ile ambayo mtengenezaji wake ameandika bayana kwamba imesimbwa kwa kiwango cha AES. Boksi likiwa kimya juu ya jambo hilo, chukulia kwamba haijasimbwa. Vilevile, jizoeze kufunga kioo cha kompyuta unapoondoka mezani, kwani herufi za uongo haziwezi kufungua kompyuta iliyofungwa kwa nenosiri lisilojulikana.

Kwa Bluetooth, fanya kazi ya kuoanisha nyumbani au ofisini, si katika kituo cha mabasi. Futa katika orodha vifaa usivyovitumia tena, na uzime Bluetooth usipoihitaji. Pokea masasisho ya mfumo endeshi, kwa sababu kasoro za Bluetooth zilizogunduliwa miaka iliyopita zilizibwa kwa njia hiyo.

Kwa printa ya Wi-Fi kuna milango mitatu ya kufunga. Wa kwanza ni mtandao wenyewe: tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3 na nenosiri refu. Wa pili ni ukurasa wa usimamizi wa printa, ambao mara nyingi hutoka kiwandani bila nenosiri au ukiwa na nenosiri linalojulikana na wote. Libadilishe siku ya kwanza. Wa tatu ni Wi-Fi Direct, ambayo huenda imewashwa bila wewe kujua, na nenosiri lake limeandikwa katika karatasi ya taarifa inayochapwa na printa yenyewe. Kama huitumii, izime. Pia zima katika ruta njia ya WPS inayotumia namba ya siri. Udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2011.

Mwenye steshenari, shule au zahanati ana wajibu wa ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Kibodi inayorusha taarifa za mteja bila kusimbwa inaudhoofisha ulinzi huo tangu herufi ya kwanza.

Kifaa kinapogoma

Malalamiko mengi tunayoyasikia kuhusu vifaa hivi hutokana na mazingira, na huweza kutatuliwa bila fundi.

Kipanya kinarukaruka au kibodi inaruka herufi. Badilisha betri kwanza. Kisha tazama mahali kipokezi kilipochomekwa. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwamba matundu, nyaya na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa hayo hayo ya gigahezi 2.4. Matundu hayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Hamishia kipokezi kwenye tundu la kawaida lililo mbali na diski ya nje, au ukichomeke kwa waya wa kurefusha hadi juu ya meza. Katika kompyuta ya mezani, kipokezi kilichochomekwa nyuma ya boksi la chuma husikia vibaya, kihamishie mbele.

Vifaa vyote vinasuasua kwa wakati mmoja. Tafuta chanzo cha pamoja. Jiko la maikrowevu hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.45, na hata jiko zima huvujisha kiasi kidogo kinachotosha kuvuruga. Ruta iliyo karibu sana na kipokezi hufanya vivyo hivyo. Isogeze mita moja au mbili, na uhamishie kompyuta zako kwenye mtandao wa gigahezi 5 kama upo, ili masafa ya 2.4 yaachiwe vifaa vidogo na printa. Katika jengo lenye ruta nyingi, weka yako kwenye mkondo wa 1, wa 6 au wa 11, ambayo haiingiliani.

Printa haionekani baada ya umeme kurudi. Hili ni tatizo la kawaida kwetu. Huenda printa iliwaka kabla ya ruta, ikakosa mtandao, au ruta iliipa anwani mpya isiyojulikana na kompyuta. Zima vyote, washa ruta, subiri dakika mbili, washa printa, na mwisho kompyuta. Tatizo likijirudia, mwombe anayekuhudumia mtandao aiwekee printa anwani ya kudumu ndani ya ruta.

Unapouza, unapogawa au unapotupa

Printa ya Wi-Fi hukumbuka nenosiri la mtandao wako, na baadhi huhifadhi nyaraka zilizochapwa au kuskaniwa. Kabla ya kuiuza au kuipeleka kwa fundi usiyemfahamu, irejeshe katika hali ya kiwandani kupitia menyu yake. Futa vifaa vya Bluetooth katika kompyuta unayoiuza. Kipanya kisiondoke bila kipokezi chake, kwa maana anayekinunua atapata kitu kisichofaa. Betri zilizokwisha zisitupwe motoni.

Haki yako

Kifaa kikionyesha kasoro, kirudishe mapema kwa muuzaji pamoja na risiti na udhamini, ukieleza kasoro kwa maandishi. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti hayamwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro au iliyo tofauti na ilivyoelezwa. Muuzaji asipokusikiliza, Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya watumiaji na taarifa za bidhaa bandia. Lalamiko lenye risiti, picha ya boksi na tarehe husikilizwa kwa wepesi zaidi kuliko lenye maneno matupu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, kumbuka mambo matatu: ijue kompyuta yako, ijue kazi yako, na ujue ni nani mwingine anayeweza kuathirika taarifa zikivuja. Mteja aliyeacha cheti chake mezani kwako hana namna ya kuikagua kibodi yako. Anategemea kwamba wewe umekwisha kuikagua.